Sauti Yako Imenipigia Tena

Kalenga, Iringa
9 Februari 2025

Mwanangu Devota,

Kamwene. Nakusalimu wewe, na huyo baba yako, kaka yangu uliyemchukua, kama bado anakumbuka kwamba ana dada. Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikianza, na mvua ya mwaka huu haijui kupumzika. Mahindi yamefika kiunoni. Ng'ombe wa Zabron, balozi wetu wa nyumba kumi, ameshayaingilia, na Zabron anajifanya hamjui ng'ombe wake mwenyewe.

Nakuandikia kwa mkono na barua nampa konda wa basi la asubuhi, kwa sababu nilikusikia redioni ukisema siku hizi mashine inaiga sauti ya mtu yeyote kwenye simu. Basi kwa mambo mazito, mimi na simu tumeachana.

Sasa niambie ukweli. Hiyo asasi yako ni ya nini hasa? Huuzi kitu, hulimi, hutibu mtu. Lakini una nyumba nzima hapo Iyunga, una jenereta, una vijana wamekaa mbele ya kompyuta kutwa, na wazungu wanaleta fedha. Mzungu gani analeta fedha Mbeya bila kutaka kitu? Hapa watu wameshakupa jina. Wanasema Freemason. Juzi baada ya Misa mama mmoja wa kwaya ameniuliza, kwa ile sauti ya kunihurumia, eti ni kweli mtu akiingia ofisini kwenu lazima avue viatu? Nikamwambia hata kwangu unavua viatu, mbona hujaniita Freemason. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa nikawaza.

Na kaka amekwenda. Mzee mzima, ana shamba lake, ana kaburi la mkewe hapa, anakwenda kulinda geti la mashine! Niliyomwambia pale stendi ya Igumbilo unayajua, ulikuwepo. Nilimwambia akienda kukaa na vitu hivyo, hata siku akifa asiniite. Niliyasema mbele ya abiria na sijayarudisha. Bado nimekasirika.

Nijibu kwa maneno ambayo naweza kuwasomea wanakwaya. Na huyo Taherali unayesema ndiye fundi wenu mkuu wa kompyuta, ni mjukuu wa Sakerbanu wa duka la vitambaa pale mjini? Kama ndiye, nitapata nafuu kidogo. Sakerbanu akikupimia kitambaa anakuachia na cha upindo.

Ni mimi shangazi yako,
Benedicta


Iyunga, Mbeya
23 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, na pole na ng'ombe wa Zabron. Huku baridi imetukamata mapema, lakini tuko salama. Baba anakula vizuri. Amenunua kuku wanne anafuga nyuma ya ofisi, na mmoja ameamua kutaga kwenye boksi la printa. Sasa karatasi zetu zote zina manyoya.

Umeniuliza kazi yetu. Kuna makampuni makubwa huko nje yanatengeneza mashine zinazoongea na watu, zinazojibu maswali, zinazoandika, zinazoiga sauti. Ndiyo hiyo akili mnemba. Wanaozitengeneza wana haraka ya kuziuza kabla hawajajua vizuri zinaweza kufanya nini. Sisi wa asasi hii ya Tahadhari hatutengenezi. Tunazijaribu. Tunazitega kwa Kiswahili, kwa Kihehe, kwa Kinyakyusa, tuone wapi zinadanganya, wapi zinamshauri mtu kitu cha kumuumiza, wapi zinakubali kumsaidia mwizi. Tukiona kasoro tunaitangaza bure, kila mtu aisome. Ndiyo maana hatuuzi kitu, Shangazi. Mkaguzi akilishwa na anayemkagua, hapo hakuna ukaguzi tena. Fedha zetu zinatoka kwenye mfuko mmoja wa nje ambao hauna hisa kwenye kampuni yoyote kati ya hizo. Niliwahoji hadi wakachoka. Mimi pia simwamini mtu ovyo. Nimelelewa na wewe.

Huku nako wanatushangaa. Mwenye nyumba alikuwa anapita jioni anasimama chini ya dirisha, anasikiliza. Baba akatoka akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha kuku. Tangu siku hiyo anakuja kununua mayai.

Taherali ndiye huyo huyo. Anasema bibi yake bado anakutaja kwamba ulikuwa unabishana bei hadi duka linafungwa. Kazi yetu ya sasa ni hizo sauti za kuiga. Nimejirekodi nikisoma na kuongea, tumeweka mtandaoni sauti yangu ya kweli na ile iliyoigwa na mashine, ili watu wajifunze kuzitofautisha.

Baba hasemi kitu kuhusu maneno ya stendi. Ukitajwa tu, anakwenda kuangalia kuku.

Mwanao,
Devota


Kalenga, Iringa
22 Aprili 2025

Devota,

Leo sina salamu. Rudisha cherehani yangu.

Jumatano kabla ya Pasaka ulinipigia. Namba ilikuwa ngeni lakini sauti ni yako, hadi kile kijikohozi chako kabla hujaanza kusema. Ukasema, "Shangazi, kuna mtu wangu anapita hapo na pikipiki, mpe cherehani aniletee, nataka kukufungia mota ya umeme. Fanya haraka, yuko njiani. Usimwambie mtu, nataka kuwashtukiza wanakwaya." Nikafurahi mimi, mpumbavu! Kijana akaja na kofia ngumu hakuivua. Nikamfungia mwenyewe cherehani kwa kamba ya katani isimwangukie njiani. Nikampa na mahindi ya kuchoma.

Nguo za kwaya nilikuwa nimeshazikata zote. Pasaka wameimba na nguo za mwaka juzi, zile zilizopauka, na kila nikigeuka kanisani naona macho. Wanasema nimeiuza.

Namba ile haipatikani tena. Ya kwako naipiga unaniambia uko mkutanoni, utanipigia. Mkutano gani wa wiki nzima? Ala! Kama ni wewe uliyeichukua, sema ulikuwa na shida gani. Kama si wewe, basi ni hiyo mashine yenu iliyojifunza kuongea kama wewe, na mimi sioni tofauti. Umeifuga mwenyewe.

Na kaka yupo hapo hapo, analinda geti. Analinda nini sasa?

Benedicta


Iyunga, Mbeya
27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na nakuomba radhi. Nilikuwa na wajumbe wa bodi, nikajibu simu zako kwa ufupi bila kukusikiliza. Hilo ni kosa langu.

Si mimi niliyepiga. Lakini umesema kweli, nimeifuga mwenyewe. Mwizi aliichukua sauti yangu kwenye zile rekodi tulizoweka mtandaoni tukidhani tunafundisha watu. Habari za cherehani alizipata redioni, kwa sababu nilikutaja kwa majivuno, nikasema shangazi yangu wa Kalenga anawashonea wanakwaya. Taherali ameziondoa rekodi zote, lakini zilizokwisha kuchukuliwa zimechukuliwa. Tulipokaa kikao kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Hata mimi nilimwangalia vibaya kijana mmoja aliyekuja kujitolea mwezi wa tatu, kumbe masikini hana lolote. Ndivyo kitu hiki kinavyofanya kazi. Kikishaiba cherehani kinabaki kinaiba na imani.

Cherehani nyingine utaipokea kesho kutwa. Taherali ameichagua mwenyewe, ya miguu kama ile yako, bibi yake ameikagua.

Sasa nisikilize. Mtu wa kuogopa kwenye simu anakuharakisha. Anakwambia usimwambie mtu. Ukimuuliza swali la wazi anakuzungusha. Na anatumia namba usiyoijua. Ukiona hayo, kata simu, ifunge namba hiyo isikupate tena, halafu nipigie mimi kwenye namba yangu. Na yeyote anayejitaja kuwa mtu wako, umuulize swali ambalo sisi wa nyumbani tu tunalijua. Langu ni hili: siku ya kipaimara changu nilijificha wapi? Jibu usiliandike popote wala usimwambie mtu. Mwizi hana jibu hilo, na mashine haina.

Kwa ajili yako tunaandika kijitabu cha mafunzo haya. Tutakigawa vijijini, na tutapima kama kinasaidia.

Baba moyo unamsumbua kidogo. Amepewa dawa, lakini anazificha chini ya godoro kama mtoto.

Mwanao,
Devota


Kalenga, Iringa
1 Juni 2025

Mwanangu Devota,

Kamwene. Habari za kazi, habari za baridi, habari za kuku wa kaka? Mimi namshukuru Mungu. Cherehani imefika na inashona vizuri, ingawa ina mlio wa kujisikia. Nguo za kwaya ziko tayari na wale waliosema nimeuza sasa wanajipitisha kunisalimia.

Kijitabu nimekipokea. Nimewafundisha akina mama wote wa jumuiya, nimewakalisha kama watoto wa shule. Kila nyumba sasa ina swali lake la siri. Nikuchekeshe: mume wa mama mmoja alikwama Makambako, simu imezima, akaomba ya mwenzake kumwambia mkewe atachelewa, amwachie mlango. Mke akamuuliza, mbuzi wa mahari yangu alikuwa na rangi gani? Bwana akasema mweusi. Alikuwa na mabaka! Alikatiwa simu, na alipofika akagonga hadi akachoka, akalala kwenye banda la nguruwe. Tumecheka wiki nzima. Andika kwenye ripoti yako kwamba Kalenga hatuibiwi tena.

Sasa la kaka. Nimeota nimesimama stendi na yeye yuko ndani ya basi, kioo kimefungwa. Hasira zimeniisha, Devota. Lakini neno la namna ile, tena kwa kaka mkubwa, kwetu halifutwi kwa simu wala kwa barua. Unakwenda alipo, unaweka maji mdomoni, unayatema chini mbele yake, na yeye anakuona. Hapo limekwisha. Bibi yako alitufundisha hivyo na padri hajawahi kukataza.

Mwezi wa saba nikishaingiza mahindi ghalani nakuja Mbeya. Kabla ya hapo, akizidiwa hata kidogo, niite mimi wa kwanza. Ugali utabaki jikoni unaungua, mimi niko barabarani. Asife na neno langu, nakuomba sana.

Shangazi yako anayekupenda,
Benedicta


Kalenga, Iringa
19 Juni 2025

Mwanangu Devota,

Kamwene mkurugenzi! Goti limepona kwa furaha. Leo nimemkamata mwizi wako!

Asubuhi nipo uani napepeta maharage, simu inaita. Namba ngeni. Napokea, nani? Sauti yako imenipigia tena! Kijikohozi kile kile. Safari hii wameiboresha, wameiwekea na pumzi za kulia kwa mbali. "Shangazi, Baba hajisikii vizuri kidogo. Panda basi uje leo."

Nikajisemea, Benedicta, tulia. Nikamuuliza, anaumwa nini? Akasema, "Si sana, utamwona ukifika." Nikasema nipe niongee naye. "Amelala." Uko wapi? "Tupo tu hapa, Shangazi, wewe njoo, fanya haraka. Usiwaambie watu huko kwanza." Mwanangu, nilitamani ungesikia! Mambo yote ya kijitabu yamepangwa mstari mmoja, kama amekisoma yeye.

Nikamwachia la mwisho. Nikasema, haya, siku ya kipaimara chako ulijificha wapi? Akasema eti, "Shangazi, jamani, huu si wakati wa maswali." Nikamwambia, mwizi mkubwa wewe, na cherehani yangu uilete! Nikakata. Nikaifunga namba. Nikapiga yako kama ulivyofundisha, haipatikani, nikajua uko kwenye vikao vyako.

Jioni hii nimewasimulia akina mama, wamenipigia vigelegele. Wanasema wanataka nifundishe na Idodi. Mwambie kaka kwamba wezi wametaka kumtumia yeye kunivuta mimi, na wameshindwa. Mwambie mahindi yamekauka, wiki mbili tu nakuja.

Shangazi yako, mwalimu wa usalama,
Benedicta


Iyunga, Mbeya
2 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama unalala. Mimi silali.

Nimerudi ofisini jana, nikakuta barua yako ya tarehe 19 kwenye meza ya Taherali. Konda aliileta siku ile tuko barabarani na jeneza kuja huko. Nadhani tulipishana nayo Makambako.

Shangazi, aliyekupigia nilikuwa mimi.

Baba alianguka asubuhi hiyo akifungua geti. Simu yangu ilizima pale hospitali, nikaomba ya muuguzi. Nilitaka kukwambia, Shangazi, Baba anakufa, njoo. Lakini nani kwetu anasema hivyo kwenye simu? Wewe mwenyewe alipofariki Mama ulinipigia chuoni ukasema Mama hajisikii vizuri kidogo, njoo nyumbani. Mtu hapigwi na habari ile akiwa peke yake njiani. Anafichwa hadi afike kwenye mikono ya watu. Nilikufanyia kama ulivyonifanyia. Na kila neno nililolisema kwa kukuhurumia lilikuwa ndani ya kijitabu nilichoandika kwa mkono wangu, chini ya kichwa "Mtu wa kuogopa".

Swali la kipaimara nililisikia. Baba alikuwa kitandani hatua mbili kutoka nilipo, anahema. Niliona ni aibu kujibu mambo ya utoto. Ulipokata nilipiga tena na tena, nikagundua umenifungia. Nikakasirika, Shangazi. Nikasema moyoni, bado ana kinyongo cha stendi, amekataa kuja. Alipofariki jioni, nikamtuma balozi Zabron aje mlangoni kwako, na msibani sikukusogelea. Nilikuona umekaa mkekani na kanga kichwani, hulii, nikadhani ni kiburi. Nisamehe.

Kijitabu kimeshachapwa kwa wingi na wafadhili wanakuja tarehe 15 kukizindua. Ripoti yetu inasema watu tisa kati ya kumi waliokisoma walikataa sauti ya uongo. Hakuna popote nilipouliza ni wangapi walikataa sauti ya kweli. Ulinisimulia habari ya yule bwana wa banda la nguruwe na mimi nikacheka tu.

Usijitese. Baba alisema nikwambie kwamba neno lile alilisahau pale pale stendi, hakupanda nalo basi. Alisema amekusamehe zamani, na aliondoka kwa amani.

Mwanao,
Devota


Kalenga, Iringa
20 Julai 2025

Devota,

Kamwene. Mimi nipo. Chakula kinapita kidogo kidogo. Mahindi yameingizwa ghalani na wanakwaya, mimi sikugusa gunia.

Nilipomwona Zabron amesimama getini ameshika kofia mkononi, nilijua kwamba aliyepiga asubuhi ya siku iliyotangulia ulikuwa wewe. Na unajua nilifanya nini? Nilimuuliza swali. Mtu ambaye nimekua naye, ng'ombe wake anakula mahindi yangu, nilimuuliza mkewe wa kwanza aliitwa nani. Akanijibu, masikini, huku machozi yanamtoka. Hata hapo nilikuwa natafuta pa kushika, iwe uongo. Msibani ulinikwepa na niliona ni haki yako. Sikulia kwa sababu niliogopa nikianza nitasema mbele za watu kwamba nilikuwa napigiwa vigelegele kaka yangu anakufa.

Sikulaumu kwa simu. Ulifanya kama watu wanavyofanya. Lakini nina neno moja na wewe.

Unaniandikia kwamba kaka alisema neno lile alilisahau stendi, hakupanda nalo basi. Ni maneno mazuri. Mazuri mno. Kaka yangu sikuwahi kumsikia akiongea maneno mazuri tangu tukiwa tunachunga mbuzi. Akifurahi alikuwa anakohoa. Nimeyasoma mara nyingi na kila nikiyasoma nasikia wewe, simsikii yeye. Nasikia ile ile "hajisikii vizuri kidogo".

Wewe kazi yako ni kukamata mashine zinazomdanganya mtu kwa upole. Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa desturi. Alisema, au umenitungia? Kama aliondoka na neno langu, niambie. Nitalibeba, mimi si mtoto. Lakini usiniache hapa na sauti nisiyojua ni ya nani.

Benedicta


Iyunga, Mbeya
3 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima kwenye mkoba. Nitakujibu moja kwa moja.

Nilikutungia. Baba hakusema neno lolote kuhusu stendi. Hakutaja kusamehe. Nilitaka ulale.

Haya ndiyo yaliyotokea, yote, na kama yatakuumiza basi yakuumize yakiwa ya kweli. Tangu asubuhi aliuliza, "Benedicta amefika?" Nilikuwa nimeshakatiwa simu, nimekasirika. Nikamdanganya. Nikamwambia yuko njiani. Mchana akauliza tena, nikasema basi limefika Makambako. Akasema, "Hapo wanachelewa kula." Baadaye kidogo akamwita muuguzi, akamwomba kikombe cha maji. Muuguzi akadhani ana kiu akamsogezea mdomoni. Akakataa kwa kichwa. Akasema, "Si ya kwangu. Wekeni hapo. Dada yangu akifika atayahitaji."

Hakueleza zaidi. Muuguzi alinitazama, mimi nikatazama kikombe. Kila mtu alipotaka kukiondoa pale kitandani Baba alikohoa. Jioni akauliza mara ya mwisho umefika wapi, nikasema Igawa. Akageuka upande wa mlango. Alifariki anatazama mlango, na kikombe kipo. Hakukusamehe kwa maneno, Shangazi. Alikuwa anakusubiri uje, basi, na hakuwa na shaka kwamba unakuja.

Nilipoambiwa tuondoe vitu kitandani sikuweza kuyamwaga yale maji. Niliyatia kwenye chupa ya dawa yake. Yapo kabatini ofisini, nyuma ya ripoti, pamoja na kikombe.

Kuhusu kazi. Wageni walikuja tarehe 15. Kabla ya uzinduzi nilisimama nikawasomea barua yako ya tarehe 19, yote, hadi vigelegele. Naomba radhi sikukuuliza kwanza. Nikawaambia kijitabu hakitoki hadi tupime na upande wa pili, wale wanaofungiwa mlango wakiwa wa kweli. Mmoja akauliza kwa adabu kama jambo hilo lisingeweza kuwekwa kwenye kiambatisho. Nikamwambia baba yangu si kiambatisho. Wameondoka bila kusema kama wataendelea nasi. Mwenye nyumba amerudi kusimama dirishani, na sasa hakuna wa kumwonyesha kuku. Taherali anasema tutabaki hata tukiwa wawili. Tumeanza upya, na mtu wa kwanza kumhoji atakuwa yule bwana wa banda la nguruwe.

Na lile swali. Nilijificha ndani ya pipa la Bibi la kupikia pombe, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vya kuazima na vilikuwa vinanibana. Aliyenitoa ni Baba. Ningeweza kukujibu kwa neno moja tu siku ile, pipa, na ungepanda basi. Nimelisema neno hilo kila siku tangu hapo, halimfikii mtu.

Mwanao,
Devota


Kalenga, Iringa
10 Agosti 2025

Mwanangu Devota,

Kamwene. Nimeisoma mwenyewe, halafu nikampa Zabron anisomee kwa sauti, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Alipofika pale "Hapo wanachelewa kula", nilimsikia kaka. Huyo ndiye. Hakuna mashine wala mtu angeweza kumtunga hivyo.

Nimelia, Devota. Nimelia hadi majirani wamekuja.

Jibu la kipaimara ni sahihi. Lakini sasa limeandikwa, na konda huyu ana tabia ya kusoma barua za watu, kwa hiyo itabidi tutafute swali lingine. Tutalipata ukifika.

Maji hayo usimpe konda, usimpe Taherali, usimpe mtu. Njoo nayo mwenyewe, na kikombe usikioshe. Tutakwenda kaburini mimi na wewe kabla jua halijawa kali, niyatie mdomoni, niyateme pale mbele yake. Amesubiri vya kutosha.

Shangazi yako,
Benedicta